Maji ya Eastlands na Bahari Yetu



Msafiri wa Pwani afikaye Nairobi aghalabu huishia katikati ya mji, akarejea na habari za majumba marefu. Sisi safari hii tulielekea Eastlands. Tulianzia Pumwani, ambako tangu miaka ya 1920 Waislamu wa asili mbalimbali wameishi kwa Kiswahili na adhana, tukapita Buruburu na Kayole hadi Dandora. Huko mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hupita nyuma ya nyumba za watu, ikibeba majitaka ya pale pasipofikiwa na mabomba. Yale yafuatayo mabomba huteremshwa hadi mabwawa makubwa ya Ruai, yakatulia, yakapigwa na jua, kisha yakaachiliwa mtoni.

Wala safari ya maji hayo haikomei Nairobi. Huingia mto Athi, nao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini jirani na Malindi. Kwa hiyo jambo la Eastlands ni jambo letu.

Fiqhi imetufundisha kuyapima maji yaliyoingiwa na najisi kwa rangi, ladha na harufu. Lakini naitrojeni, itokayo zaidi katika mkojo na kinyesi, yaweza kubaki katika maji yaliyokwisha kung'aa, isionekane wala isinuke. Ikizidi hunenepesha mwani. Mwani ukifa na kuoza hewa ya majini huisha, samaki wakakosa pumzi. Ikiingia kisimani kwa umbo la nitrati huwahatarisha watoto wachanga.

Miongoni mwa dawa zinazochunguzwa ni makaa yaitwayo bayocha. Magunzi, makapi ya mpunga, au vifuu vya nazi tulivyo navyo tele, huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, mara nyingi kwa nyuzi 350 hadi 700, yakatoka makaa yenye vitundu visivyohesabika. Majitaka yakichujwa humo, amonia hunasa. Nitrati hainasi vyema. Basi makaa hayatoshi peke yake, bali husaidiana na mabwawa na bakteria wake. Yakishashiba naitrojeni yaweza kuwa mbolea shambani, madhali yamepimwa yakathibitika hayana vijidudu vya maradhi wala madini ya sumu.

Hata hivyo, chujio halichuji maji yasiyolifikia. Mabomba ndiyo ya kwanza. Aliye juu ya mto ana haki ya kuangaliwa na aliye chini, na aliye chini ana haki juu yake. Nasi tusinyooshe kidole bara tu, ilhali katika miji yetu choo na kisima vimepakana ukuta kwa ukuta.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza neema ya maji. Wassalaam.