Katoni Chini ya Kitanda cha Hooyo

Chini ya kitanda cha hooyo kuna katoni moja ya vitabu vyangu. Zilikuwa sita. Kila nikifika nyumbani Garissa ananiuliza swali lile lile, hata viatu sijavua: "Zimebaki ngapi?" Hajui kusoma, lakini hesabu anaijua kuniliko. Anauza maziwa ya ngamia. Na katika pesa zilizochapisha vitabu hivyo, 30,000 ni zake.

Ilikuwa zamu yake ya ayuto, kile chama cha akina mama. Wenzake walijua atanunua mabati. Yeye akanitumia zote kwa M-Pesa, bila neno. Mimi nilikuwa na 45,000 nilizoweka kidogo kidogo kwa kufundisha tuisheni. Mpiga chapa wa River Road, Nairobi, alitaka shilingi 250 kwa nakala, na chini ya nakala 300 hakuangalii. Piga hesabu mwenyewe.

Utauliza, wachapishaji je? Niliwapelekea. Mmoja alijibu baada ya miezi 14: lugha nzuri, ila hadithi "haina tukio". Nikamwelewa. Tangu Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, mtu akisikia jina la mji wetu anangoja risasi zilie. Mimi nimeandika juu ya wasichana wawili na kisima. Basi nikasema nitajichapishia. Si jambo geni Kenya hii. David Maillu alifanya hivyo miaka ya 1970 na kampuni yake ya Comb Books, vitabu vidogo, vikanunuliwa kama njugu mpaka Tanzania ikavipiga marufuku. Mimi hata mtu wa kunipiga marufuku sijapata.

Namba ya ISBN niliipata kwa shirika la maktaba la taifa, KNLS, na hapo nilicheka peke yangu. Ndilo lililoanzisha maktaba ya ngamia hapa Garissa mwaka 1996. Kitabu changu cha kwanza cha hadithi kilitoka kwenye sanduku lililoshushwa mgongoni mwa ngamia. Kilikuwa cha sungura na fisi. Sungura nilimwonea shaka; fisi tulimsikia kila usiku.

Vitabu vyenyewe nilivisindikiza kwa basi kutoka Eastleigh. Kwenye kizuizi, kabla hatujafika daraja la Tana, tukashushwa sote, kila mtu na kitambulisho mkononi. Askari akazigonga katoni zangu kwa kiatu.

"Hizi ni nini?"

"Vitabu, afande."

"Vya nani?"

"Vyangu. Nimeviandika mimi."

Akatazama kitambulisho, akatazama jalada, akarudi kwa kitambulisho. Kisha akafungua kitabu akaanza kusoma pale pale juani, basi zima linangoja, mzee mmoja nyuma yangu akiwalaani waandishi wote kwa Kisomali. Mimi jasho linanitoka. Sikuogopa kuzuiwa, walahi. Nilikuwa naangalia kama atafungua ukurasa wa pili.

Akaufungua.

"Pesa ngapi?"

"Mia tano."

"Niko na mia tatu."

Nikamwachia. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza.

Baada ya hapo ni kutembea. Walimu wanunue mwisho wa mwezi, wakishalipwa. Mwalimu mkuu akupe chai, akusifu, kisha aulize kama kitabu kimeidhinishwa na KICD. Duka moja la vitabu lilichukua nakala 12 kwa masharti ya kubaki na asilimia 40. Lilifungwa kabla sijaona shilingi. Nilijifunza kuuza mahali watu wanangoja: stendi ya basi, kinyozi, vibaraza vya miraa saa kumi jioni, watu wakiwa na maneno mengi na huruma kidogo.

Lakini aliyeuza kunishinda ni hooyo. Alivipanga sokoni kando ya madumu yake. Mtu akija kwa maziwa anaambiwa, "Na huyu ni mwanangu, ameandika. Watoto wako hawasomi?" Hakuna aliyethubutu kusema hawasomi.

Hesabu ya leo: 190 zimeuzwa, 57 nimegawa (jamaa hanunui, anadai), 12 zilikwenda na duka, 41 ziko chini ya kitanda. Ukitoa nauli, mizigo na mchoraji wa jalada, faida hakuna. Ila nimetenga 30,000 kwenye simu. Zinatosha kumlipa hooyo, au kuanzia chapa ya pili. Vyote viwili haviwezekani.

Ijumaa iliyopita nilimwendea nizitume mbele yake. Akaniambia, "Hooyo," maana kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, "nisomee kwanza. Watu wananiuliza kimesema nini, nami nawadanganya."

Nikamsomea, Kiswahili machoni, Kisomali mdomoni. Alisikiliza kimya mpaka kwenye kisima. Hapo akainua mkono.

"Nani alikwambia tulivuta maji kwa kamba? Ile miaka kamba zote zilikuwa zimekatika. Tulishuka wenyewe, tukasimama mmoja juu ya mwingine, tukipitishiana ndoo. Mimi nilikuwa wa chini kabisa."

Sikuwahi kuijua hiyo. Nilikuwa na simu mkononi, namba yake tayari imo.

"Hiyo pesa weka," akasema. "Katengeneze kisima kwanza."