Bomba Lililooza

Kiswahili kina maneno mengi ya maji yanayokuja: kisima, chemchemi, birika, mtungi, kata. Maji yanayoondoka hayakupewa heshima hiyo. Yana karo na mfereji, kisha yamesahauliwa. Nililifikiria jambo hili shangazi yangu aliponitaka nimwandikie barua ya Kiingereza. Yeye ni mpangaji wa ghorofa ya juu katika moja ya zile nyumba za zamani zilizoungana safu kwa safu mtaani Thornton Heath, kusini mwa London. Hodhi lake la kuogea lilikuwa likivuja shingoni, pale maji yanapotokea, na dari ya jirani wa chini ilikwisha kuvimba.

“Andika kwamba bomba limeoza,” alisema.

Wakala wa mwenye nyumba alikuwa ametangulia kufika na tochi yake. Aliinama, akatafuta kutu, hakuiona, akatamka kwamba bomba ni zima. Unyevu ule, alisema, ni mvuke tu wa mtu asiyefungua dirisha. Na gharama ya dari ingekatwa katika amana ya shangazi. Kwa wiki sita, mwanamke wa miaka 71 alioga kwa kopo akisimama ndani ya karai, kisha akayabeba maji hayo mpaka chooni ili yasimdondokee jirani.

“Kutu ni ya chuma, mwanangu,” alinieleza. “Hii ni shaba. Itazame rangi yake.”

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji yanaweza, kwa miaka mingi, kuiondoa zinki kidogo kidogo na kuiacha shaba nyekundu peke yake, imejaa vitundu vidogo mithili ya sifongo. Umbo halibadiliki. Pete hubaki pete, na meno ya skrubu hubaki mahali pake, lakini nguvu imekwisha kuhama. Dalili ni rangi ya waridi mahali palipokuwa na manjano, na wakati mwingine unga mweupe pembeni. Anayetafuta kutu hataona kitu.

Shangazi hakuyajua haya kwa kemia. Alilelewa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambamo masinia na mabuli ya shaba yalisuguliwa kwa ukwaju kila Idi ilipokaribia. Mtoto aliyelisahau sinia ndani ya ukwaju usiku kucha alilikuta asubuhi lina mabaka mekundu, na alikuwa na la kujibu. Ukali wa tunda huigusa ngozi ya shaba kwa usiku mmoja. Maji ya hodhi huchukua miongo, lakini huingia ndani zaidi. Kwa hiyo neno lake lilikuwa na kipimo. Kuoza ni hali ya kitu kilichobaki na sura yake baada ya kupoteza kilichokishikilia. Fundi seremala husema hivyo juu ya boriti, na hakuna anayemcheka.

Katika barua niliandika kwamba shaba imepoteza zinki yake, kwa kuwa Kiingereza cha ofisi hutaka hivyo. Nikaongeza sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, ambayo kifungu chake cha 11 kinamtwika mwenye nyumba, katika upangaji wa chini ya miaka 7, wajibu wa kutengeneza vifaa vya usafi. Mahodhi ya kuogea yametajwa humo kwa jina.

Wilaya hii ya Croydon ina sababu ya kuogopa habari zisizofika zinakotakiwa. Mwaka 1937 homa ya matumbo iliua watu 43 hapa. Mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya kisima cha Addington, mmoja wao akiwa amebeba vijidudu bila kujua, huku maji yakipelekwa majumbani bila kuchujwa wala kutiwa klorini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba idara zilizohusika hazikuwa zimepashana habari.

Hatimaye fundi bomba alikuja. Alipouzungusha msalaba ulio ndani ya tundu, ulimeguka kama biskuti. Hakutumia nguvu zaidi. Alichukua wembe wa msumeno, akaikata pete sehemu mbili kutoka ndani, akikoma kabla ya kugusa hodhi lenyewe, kisha akaigonga kwa patasi kuelekea katikati mpaka ikajikunja na kutoka. Palipovunjika palikuwa pekundu kama kigae. Akafunga shingo mpya, na chini yake bomba la milimita 40 lenye kiwiko kinachobakiza maji ya kina cha milimita 50, ili hewa ya karo isirudi chumbani. Kiwiko cha namna hiyo kilipewa hataza ya choo hapa London mwaka 1775, kwa jina la Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa.

Dai la dari lilifutwa kwa barua ya mistari miwili, isiyotaja shaba wala rangi yake. Shangazi aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akauliza dari ya jirani itapakwa chokaa lini.