Manjano Hayo Si Uchafu

Msomaji mpenzi, leo nina jambo ambalo huenda ukalicheka kabla hujalisikiliza. Hebu tupa jicho juu ya kabati la sebuleni mwako. Je, hakuna kitu cha plastiki kilichoingia nyumbani kikiwa cheupe pepepe na sasa kimekuwa na rangi ya samli? Huenda ni gari la kuchezea, roboti, matofali ya LEGO au hata kompyuta ya zamani. Umekisugua kwa sabuni, ukakisugua kwa majivu, lakini wapi! Wengi wetu hukata tamaa na kukitupa jaani. Nakusihi usifanye haraka.

Fahamu kwanza kwamba manjano ni ya aina mbili. Yapo yanayoletwa na moshi wa jiko, mafuta na vumbi. Hayo hukaa juujuu, na maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki mzee huyaondoa. Mengine yamo ndani ya plastiki yenyewe, na hayo hayajui sabuni.

Vitu vingi vigumu vya kuchezea hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS. Kampuni ya LEGO kule Denmark ilianza kuitumia mwaka wa 1963, baada ya kuona kwamba plastiki yake ya awali ilikuwa ikipindapinda. Ndani ya ABS mna aina ya mpira uitwao butadieni. Mpira huo ndio unaofanya kitu kisivunjike kinapoanguka sakafuni, lakini ndio pia ulio dhaifu mbele ya mwanga na hewa. Miale ya jua ya urujuanimno huuchokoza, oksijeni ikapata mlango wa kuingilia, na chembe mpya zinazozaliwa humo hufyonza mwanga wa buluu. Buluu ikipungua, jicho huona manjano. Joto huongeza kasi. Hata kitu kilichofungiwa sandukuni kinaweza kugeuka, ila polepole.

Mimi nimeyajua haya kwa ajili ya ndege moja. Mwaka wa 1986 baba yetu mdogo, aliyekuwa baharia, alimletea kaka yangu mkubwa ndege nyeupe ya kivita inayoweza kukunjuliwa ikawa roboti. Inaitwa Jetfire. Ilibuniwa Japani na kampuni ya Takatoku kutokana na katuni ya Macross ya mwaka wa 1982, kisha kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaiuza mwaka wa 1985 miongoni mwa roboti zake za Transformers. Wakusanyaji wa vitu vya kuchezea wanaifahamu sana, na wanafahamu pia ugonjwa wake: weupe wake haudumu.

Kaka aliiweka dirishani kwetu Changamwe, ikapigwa na jua la pwani mwaka baada ya mwaka. Alipooa alihama nayo. Alipofariki mwaka wa 2021, ndege ilirudi kwa mama ikiwa katika mfuko wa karatasi, manjano kama ndizi iliyoiva. Ni chini ya vipande vyekundu vya deraya tu ndiko weupe wa zamani ulikobaki.

Mwanawe ana umri wa miaka tisa. Siku moja aliishika akaniuliza, “Shangazi, mbona ndege ya baba ni chafu hivi?” Nikamweleza kwamba si uchafu, na kwamba kuna njia ya kuirudishia weupe. Macho yakamng’aa. Lakini mama, aliyekuwa akichambua mchicha kando yetu, akasema bila kuinua kichwa, “Mwanangu, hiyo ndiyo rangi aliyoiacha. Ukiitoa, tutabaki na nini chake?”

Msomaji, ungemjibuje mama kama huyo? Mimi nilinyamaza. Usidhani kwamba alisema upuuzi. Hata wahifadhi wa vitu katika makumbusho husita kukigusa kitu cha kale kwa dawa isiyoweza kutenduliwa, kwa kuwa umri wa kitu nao ni sehemu ya historia yake.

Niliwaza siku kadhaa. Mwishowe niligundua kwamba wawili hawa hawakuwa wakigombea ndege. Mama alikuwa akimtafuta mwanawe, mtu mzima aliyezeeka pamoja na kitu hicho. Mtoto naye alikuwa akimtafuta babake alipokuwa mvulana wa umri kama wake, na mvulana yule alicheza na ndege nyeupe. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Tukaketi, tukakubaliana: ndege itang’arishwa, ila pezi moja la mkiani libaki manjano kama lilivyo.

Njia yenyewe ilienezwa mwaka wa 2008 na wapenzi wa kompyuta za zamani, nao wakaiita Retr0bright. Inahitaji haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua. Dawa hiyo huuzwa katika maduka ya dawa ikiwa ya asilimia 3, na saluni huwa nayo katika krimu ya kuchanganyia rangi ya nywele, ya asilimia 6, 9 au 12. Krimu hufanya kazi upesi, lakini ikikauka huacha mabaka kama ramani. Kwa hiyo nilichagua dawa ya majimaji ya asilimia 3, ijapokuwa inahitaji subira.

Tuliifungua ndege kwa bisibisi ndogo, mtoto akipanga skrubu katika kisahani. Chuma hakiingizwi humo, kwani hushika kutu. Vibandiko na vipande vya rangi tuliviweka kando visije vikapauka. Tukaosha vipande vyeupe, tukavizamisha katika bakuli la kioo, tukaliweka juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kila baada ya saa moja nilivigeuza, maana mapovu huviinua vikaelea, na sehemu iliyo nje ya dawa hubaki nyuma. Dawa ikianza kupata joto nililisogeza bakuli kivulini, kwa sababu plastiki ikizidiwa na joto hupinda.

Ukitaka kujaribu, vaa glavu na miwani, hasa ukitumia dawa kali ya saluni, kwani huunguza ngozi na macho. Usikifunge chombo kwa kifuniko cha kukaza, maana gesi inayotoka inaweza kukipasua. Usichanganye na dawa ya kung’arisha nguo wala siki. Watoto watazame kwa mbali.

Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya tatu mtoto aliita kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Bawa lilikuwa jeupe. Mama alikuja akalishika, akaligeuzageuza, kisha akaliuliza pezi la manjano liko wapi. Alipoonyeshwa, akaitikia kwa kichwa na kurudi jikoni.

Sitakudanganya, msomaji. Weupe huo si wa milele. Dawa huondoa rangi, lakini haiufanyi mpira ulioliwa na jua kuwa mpya, na plastiki iliyokuwa kavu hubaki rahisi kuvunjika. Miaka ikipita manjano yanaweza kurudi, hata gizani. Ukikaa na kitu hicho mbali na dirisha na joto utayachelewesha, lakini huwezi kuyafukuza kabisa. Na kama utakiuza kwa mkusanyaji, mwambie kwamba kimesafishwa kwa dawa. Huo ndio uungwana.

Kabla hujachukua chupa ya dawa, basi, waulize walio nyumbani kila mmoja anakiona nini kitu hicho. Huenda unachokiita uchafu, mwenzako anakiita kumbukumbu. Mkishakubaliana, kazi ya jua ni ndogo. Mtoto wa kaka yangu amekwisha kujifunza hatua zote, na manjano yakirudi, atakayeshika bisibisi ni yeye.