Lisikie la Mdogo

Nataka kuwaeleza habari ya nyumba yangu mwenyewe, nayo si habari ya kujivunia. Lakini labda itamfaa mzazi mmoja, au kijana mmoja.

Sisi tu watu wa Ukerewe. Jioni moja nalikuwa nikizoa dagaa walioanikwa mchangani, maana mvua ilikuwa karibu, akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka 15. Akaniamkia, kisha akanena, "Mjomba, nikikuambia neno utanipiga?" Nami bila kuinua uso nikamjibu, "Neno gani saa hizi? Nenda kamsaidie mama yako." Akaenda zake.

Siku ya tatu yake mwalimu wake akaniita. Kumbe mtoto, alipolikosa sikio langu, alikwenda kutafuta la mwingine. Bibi mmoja tumjuaye sana, aliyekula mara nyingi nyumbani kwetu, alikuwa amemwahidi kazi ya hoteli mjini Mwanza, na baadaye ng'ambo ya bahari. Alimpa simu ya kufichwa. Nauli ya meli kutoka Nansio atalipa yeye, naye mtoto atairudisha katika mshahara wake. Akiulizwa umri, aseme 18. Na la mwisho, asimwambie mama. Safari ni Jumamosi.

Mwalimu hakungoja. Tulikwenda naye polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na Jumamosi ile mtoto akalala kwao. Baadaye ndipo tulipojua ya kuwa kazi ya hoteli haikuwapo. Wasichana waliotangulia walitolewa kwa wanaume, na fedha ikaingia mfukoni mwa mwingine.

Tangu hapo nimefikiri sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, nasi twadhani biashara ile ilikufa. Lakini siku hizi mnyororo ni ahadi, naye aufungaye huitwa shangazi, rafiki, au mchumba.

Basi, vijana, zijueni dalili zake: kazi nzuri isiyotajwa mwajiri wala mahali, zawadi ya kufichwa, deni la nauli, mtu atakaye kukushikia vyeti vyako, au akufundishaye kusema uwongo juu ya umri wako, na haraka ya kuondoka. Iliyo kubwa kuliko zote ni neno hili, "Usimwambie mtu." Akutakiaye heri hamwogopi mama yako. Wala msidhani ni mambo ya wasichana tu. Wavulana nao hudanganywa.

Ukiziona dalili hizi, kwako au kwa mwenzako, mwambie mtu mzima umwaminiye; asiposikia, mwambie mwingine. Piga namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, nayo haina malipo. Au nenda kwenye Dawati la polisi. Mjini Mwanza liko pia shirika la WoteSawa, liwateteao watoto wanaotumwa kazi za nyumbani. Usione haya kwa kuwa ulikubali kwanza: Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 yasema kwamba ridhaa ya mtoto, wala ya mzazi wake, haimkingi mkosaji.

Nasi wazazi je? Kila siku twawaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa karibu kumvunja mtoto kwa kutolisikia la mdogo. Nimekwisha kumwomba radhi mpwa wangu, naye amenisamehe, lakini lile swali lake halijanitoka moyoni. Mtoto akianza neno lake kwa kuuliza kama atapigwa, tua kapu lako chini, keti, umsikilize mpaka mwisho. Dagaa na wanyeshewe.

Ni mimi, mjomba mmoja wa Ukerewe.