Zote Si Nyekundu?

Ukinunua gari la mtumba hapa Tanzania utaulizwa maswali mpaka uchoke. Limetembea kilometa ngapi? Linakula mafuta kiasi gani? Rangi ni ya kiwandani au limepigwa upya? Injini umeisikiliza ikiwa ya baridi? Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza oili ya gia boksi ina rangi gani na inanukaje. Na hapo ndipo gari linapoweka siri zake, hasa kama ni oto.

Nayasema haya kwa sababu ya pikapu ya baba yangu mdogo.

Baba mdogo amefundisha shule ya msingi maisha yake yote. Alipostaafu, kiinua mgongo chake hakukipeleka kwenye nyumba wala ng'ombe (kwa Mkurya kutonunua ng'ombe ni habari ya ukurasa wa mbele, jamani). Alinunua Hilux, milango minne, oto. Wazee wenzake walimcheka. Pikapu ya shamba haina klachi? Hiyo ni gari ya mjini, ya mama wa ofisini! Yeye akawajibu kwamba goti lake la kushoto limesimama ubaoni miaka ya kutosha, haliwezi tena kukanyaga klachi. Tangu hapo anabeba ndizi kutoka Nyamwaga na vijiji vya jirani, anazishusha Sirari, na ndizi hizo nyingine zinavuka mpaka kwenda kuliwa Kenya.

Kwa ambaye hajafika, Sirari ni pale ambapo barabara kuu ya kutoka Mwanza inaishia na Kenya inaanzia. Upande wa pili panaitwa Isebania. Wakurya wako pande zote mbili, shilingi zinazunguka za aina mbili, na muuza chai anakupigia hesabu ya kubadilisha kichwani kabla hujamaliza kukoroga sukari. Ukitaka kujua nchi mbili zinatofautiana wapi, angalia magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Sisi hatujazuia, tunalitoza kodi zaidi kwa uchakavu wake, kisha linaingia. Kwa hiyo gari lenye namba ya T linaweza kuwa kongwe kuliko jirani yake mwenye namba ya K, na pengine limeshapitia mikono mingi kabla halijafika Nyamwaga.

Ya baba mdogo ilikuja na kitabu cha matengenezo kilichoandikwa Kijapani. Tumekitazama wote, tumekisifia mwandiko, tumekirudisha kwenye droo.

Ugonjwa ulianza taratibu. Asubuhi akiweka D, pikapu inafikiri kwanza. Sekunde moja, mbili, halafu inashtuka kama mtu aliyeitwa jina usingizini. Kwenye mlima na mzigo, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Akaita fundi wa kwanza, akaambiwa oili imechoka, ibadilishwe na filta yake. Akaita wa pili, akaambiwa asithubutu: gia boksi ya zamani ukiiwekea oili mpya umeiua, haimalizi wiki.

Akanipigia simu Dar es Salaam. "Mura, wewe umesoma chuo kikuu na kazi yako ni kuuliza watu. Nifungue au nisifungue?"

Hilo si swali dogo. Gia boksi ikifa, ya kubadilisha itatoka Mwanza, Nairobi au Dar, nayo ni ya mtumba vilevile, historia yake huijui vilevile, na bei yake inakula ndizi za miezi mingi. Huyu mzee hana kiinua mgongo kingine.

Nikafanya kama tunavyofanya kazini, nikatafuta watu wenye mikono michafu. Nilichokipata ni kwamba wale mafundi wawili wote wana sababu. Ndani ya gia boksi ya oto kuna sahani za klachi zinazoshikana zikiwa zimelowa oili. Oili hiyo, ambayo mafundi wetu wanaiita haidroliki, inafanya kazi nyingi kwa pamoja: inasukuma vali, inalainisha, inapooza, na inazifanya sahani zishike bila kuungua. Sahani zikilika, vumbi lake linabaki kwenye oili na kuipa ukali kidogo. Zikiwa zimelika kabisa, ukali huo wa uchafu ndio unaosaidia gari litembee. Ukiutoa, ukweli unajitokeza. Kwa hiyo oili mpya haikuua gia boksi. Ilikuwa inakufa, na wenye magari wengi hukumbuka kubadilisha oili siku ile gari linapoanza kuteleza. Lawama inamwangukia aliyefika mwisho.

Kwa upande mwingine, joto ndilo linaloimaliza haidroliki, na mzigo mlimani ni joto tupu. Hata watengenezaji wanaosema oili yao ni ya maisha yote ya gari, ukisoma maandishi madogo utakuta wanamtenga mbeba mizigo mizito. Baba mdogo ni mbeba mizigo mizito.

Nikamwambia: tusiamue kwa maneno ya watu, tuiangalie oili yenyewe. Afute kijiti cha kupimia, anipigie picha. Ikaja kwa WhatsApp, imetikisika kidogo. Haidroliki mpya ni nyekundu, imetiwa rangi makusudi isichanganywe na oili ya injini. Yake ilikuwa kahawia nzito. "Inanuka kuungua?" Akasema inanuka ya zamani, lakini si ya kuungua. Hapo nikapata matumaini. Na kwenye kijiti kilekile palikuwa pamegongwa maandishi ya aina ya oili inayotakiwa: T-IV.

Maandishi hayo yalinifaa sana Mwanza, nilipopita kununua vitu nikielekea nyumbani. Muuzaji alinipa kopo la WS. Nikamwambia nataka T-IV. "Kaka, zote si nyekundu?" Ndiyo, zote nyekundu, zote zinatumika kwenye Toyota, lakini WS ilikuja baadaye na ni nyepesi zaidi, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Nyekundu ni rangi tu. Zamani Marekani haidroliki ilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, mpaka sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini ilipowalazimisha wenye viwanda kubuni mbadala wa maabara. Simulizi hiyo sikumpa muuzaji. Niliomba makopo yaliyofungwa, filta na gasketi, nikapanda basi. Bado kuna takriban kilometa 300 mpaka Sirari.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mura. Umekuja na dawa?"

Kazi ilifanywa na yule fundi wa kwanza, chini ya mti, pikapu ikiwa imepigwa jeki na kuwekewa magogo manne ambayo niliyakagua mwenyewe mara mbili. Injini ikawashwa kidogo ili oili ipate joto itoke na uchafu, ikazimwa, nati ya chini ikafunguliwa. Ilitoka nyeusi. Fundi aliikinga kwenye beseni na kuipima kwa chupa ya maji ya lita moja: nne na ushee. Ndiyo desturi nzuri, unarudisha kiasi kilekile ulichotoa. Zaidi ya nusu inabaki ndani, kwenye toki konveta na mapito yake, haitoki kwa kufungua nati. Kuna mashine za kuisukuma yote itoke kwa nguvu, lakini kwa gari la zamani lisilojulikana fundi alikataa, nami nikamuunga mkono: tope lililotulia miaka liachwe lilipo.

Kisha sampu ikashushwa, na hapo baba mdogo akasogea karibu. Ndani yake kuna sumaku ndogo zinazokamata chuma. Fundi alipitisha kidole, akatuonyesha. Ujiuji wa kijivu, laini kama majivu ya sigara. Baba mdogo hakuuliza kitu, alikuwa anamtazama fundi usoni.

"Huu ni uzee," fundi akasema. "Ningekuta vipande vya chuma, ningefunga nikwambie uuze."

Filta ya zamani ilikuwa nzito kwa uchafu. Mpya ikafungwa, sampu ikasafishwa, gasketi mpya ikakaa, na bolti zikakazwa kwa spana fupi, kidogo kidogo, kwa kupishanisha pande. Bolti hizi ni ndogo na zimeingia kwenye aluminiamu. Ukionyesha ubabe unaharibu uzi, na utakuwa umeanza kesi nyingine. Oili ikamiminwa kupitia tundu la kijiti, kwa faneli na mpira, injini ikawashwa, gia ikapitishwa P mpaka L na kurudi, breki imekanyagwa. Kipimo cha kweli kikachukuliwa gari likiwa la moto, linaunguruma, mahali pa tambarare. Kutafuta tambarare hiyo kulituchukua muda kuliko kubadilisha filta.

Kabla hatujanawa mikono, wateja wa oili chafu walishafika. Mama mmoja alitaka ya kupaka nguzo za banda la kuku, mwingine ya uzio. Nikajaribu kueleza kwamba mvua ya huku yote inashuka ziwani, kwamba oili ikipakwa kwenye nguzo haibaki kwenye nguzo. Walinisikiliza kwa adabu. "Mchwa wa Sirari hawasomi magazeti," fundi akasema, akawagawia kwenye chupa. Mahali pa kuipeleka sikuwa napo, kwa hiyo na mimi sikuwa na la kuongeza.

Wiki tatu baadaye wamerudia, lita zilezile nne, bila mimi. Ukibadilisha mara mbili au tatu hivi, mpya inaizidi ya zamani bila kuishtua gia boksi. Baba mdogo alinitumia ujumbe: "Safari hii imetoka kama chai ya rangi. Nyekundu bado." Asubuhi pikapu bado inafikiri kidogo, si kama zamani. Ameandika tarehe na kilometa kwenye daftari la mazoezi analoliweka kwenye droo, juu ya kile kitabu cha Kijapani. Ndizi anapakia kama kawaida, ila mikungu ya juu kabisa ameipunguza, na kwenye milima ya Nyamwaga anapanda kwa L, polepole, huku wenye klachi wakimpita.