Waliovunja Mtambo

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliandika insha juu ya watu wa Lancashire, Uingereza, waliovunja mitambo ya kusokotea pamba. Niliwaita wajinga na adui wa maendeleo. Mwalimu wangu alinipa alama nyingi, nami nikazifurahia. Leo naionea haya insha ile.

Habari yenyewe ni hii. Zamani zile mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa, kwa kuwa gurudumu la mkono lilisokota uzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Karibu na mwaka 1764, James Hargreaves, mfumaji wa kijiji cha Stanhill, alibuni mtambo wa mbao wenye vijiti 8 vya kusokotea. Mkono mmoja ulizungusha gurudumu, wa pili ukavuta nyuzi, na nyuzi zote 8 zikasokoteka pamoja. Fikirini, wanafunzi: kazi ya wanawake wanane sasa yafanywa na mmoja! Wale saba wale nini? Bei ya uzi iliposhuka, hofu iliingia katika nyumba zilizopata chakula chao kwa gurudumu. Mwaka 1768 majirani walivamia nyumba ya Hargreaves wakavunja mitambo yake, naye akahamia Nottingham. Sikatai kwamba baadaye nguo zilikuwa rahisi hata kwa maskini. Lakini baadaye haimshibishi mtu leo.

Hayo niliyajua chuoni. Nililolipita mbio ni jambo la mwaka 1779. Ghasia zilizuka tena Lancashire, ila safari hii wavunjaji walichagua. Mitambo midogo, yenye vijiti visivyozidi 20, waliiacha salama, maana ilikwisha kuonekana kuwa ya manufaa. Mikubwa kuliko hiyo waliivunja au wakaipunguza ifike kipimo hicho. Je, mjinga hupima hivyo?

Aliyenifumbua macho hakuwa mwandishi wa kitabu. Alikuwa Susu, kama tuitavyo nyanya kwetu Ukambani. Alisokota katani juu ya paja lake, jioni baada ya jioni, hata ngozi ya mahali pale ikawa ngumu na yenye kung'aa. Nyuzi zake aliwauzia wasuka vyondo, na karo yetu ilitoka humo. Ndipo mchuuzi mmoja alipoleta sokoni nyuzi za kiwandani, laini, za rangi tele, tena za bei ndogo. Wateja wa Susu wakahama mmoja mmoja. Yeye hakuvunja kitu. Alinunua kibunda kimoja cha nyuzi zile, akaketi akizifumua na kuzitazama, kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenzake.

Nilikuwa nimerudi likizo, na insha yangu mkobani. Nikamwambia, "Susu, hayo ndiyo maendeleo."

"Vema, mjukuu wangu," akasema. "Na karo ya mdogo wako italipwa na nani?"

Muhula ule mdogo wangu alikaa nyumbani.