Goti, Longonot na uamuzi wa kupasuliwa

Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala seva. Nitaandika juu ya goti langu la kulia, kwa sababu mwezi ujao linapasuliwa, na hesabu iliyonifikisha hapo inaweza kumfaa mwingine anayependa milima, mpira au mbio.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa nateremka Longonot. Mguu ukaingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, ukashikwa pale, mwili ukageukia upande mwingine. Nikasikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kinavunjwa. Kufika jioni lilikuwa limevimba kama boga. Daktari wa mifupa mjini Nakuru alinilaza, akauvuta muundi wangu mbele, nao ukaja kwa urahisi kuliko ule wa mguu mzima. Picha ya MRI ikathibitisha: kano ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, imekatika. Meniska, yaani zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazobeba uzito kati ya mifupa, zilikuwa salama. Hilo la meniska mlikumbuke.

Kazi ya kano hii ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na usizunguke ovyo chini ya paja. Ukitembea mbele moja kwa moja, misuli ya paja inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ndiyo maana wako watu wanaoishi vizuri bila ACL. Mchezaji wa basketboli DeJuan Blair alisajiliwa na San Antonio Spurs mwaka 2009 na kucheza NBA misimu kadhaa bila kano hiyo katika magoti yote mawili. Shida inakuja mguu ukiwa chini na mwili ukageuka.

Sasa swali: kupasua au kutopasua? Kila mtu alikuwa na jibu. Wenzangu wa kupanda mlima walisema nipasue wiki hiyo hiyo. Mama akasema, "Mwanangu, mguu si unatembea? Kisu cha nini?"

Nikaenda kusoma. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio la vijana 121 wenye ACL iliyokatika. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Kundi la pili, watu 59, lilianza na mazoezi ya viungo, na anayehitaji angepasuliwa baadaye. Baada ya miaka mitano, 30 kati ya hao 59 walikuwa wamepasuliwa na 29 hawakupasuliwa. Makundi yote mawili yalikuwa na hali inayokaribiana, hata kwenye picha za eksirei za kuangalia uchakavu wa goti. Kwa maneno mengine, Mama hakuwa anapiga porojo.

Hapo ndipo kazi yangu ya kuandika programu ilinisaidia. Ukiweka toleo jipya kwenye seva likaharibika, unarudisha la jana. Goti likishapasuliwa halina toleo la jana. Mazoezi unaweza kuyaacha wakati wowote na upasuaji bado uko pale. Basi anza na kile kinachorudishika.

Lakini kungoja nako kuna bei. Kila mara goti linapolegea ghafla, meniska inaweza kuchanika, na meniska ikishaharibika hairudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi nilifungua faili ya maandishi ya kawaida nikaandika:

1. Wiki 12 za mazoezi, mara tatu kwa wiki, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia.
2. Mwishoni, kuruka kwa mguu mmoja: mguu mbovu ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima.
3. Goti likilegea mara mbili katika shughuli za kawaida, mazungumzo yamekwisha, tunapasua.

Niliandika mapema kwa sababu najijua. Mtu anayependa mlima hujitafutia visingizio vya kupasua, na mtu anayeogopa kisu hujitafutia vya kutopasua. Mimi nilikuwa watu hao wote wawili.

Matokeo? Wiki ya 12 niliruka asilimia 93. Misuli ilikuwa imerudi. Baiskeli ndani ya Hell's Gate, hakuna shida. Barabara tambarare za Naivasha, hakuna shida. Lakini wiki ya saba goti liliniacha nikishuka matatu, mguu ulipokanyaga jiwe. Wiki ya 11 likaniacha tena nikiruka mtaro nyumbani nikiwa na mtungi wa maji mkononi. Mara mbili.

Nilifikiria pia kuuacha mlima. Nasema kwa dhati, hiyo nayo ni tiba, na anayeichagua asichekwe. Longonot si mchezo kwa goti: kilomita 3.1 kutoka lango la KWS hadi ukingo wa kreta, kilomita 7.2 kuuzunguka, kilele mita 2,776, na njia nyingi ni majivu ya volkano yanayokatwa na mvua kuwa mifereji. Jina lenyewe linatokana na Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi. Kila mgongo una mteremko wake, na kila mteremko unataka ugeuze mguu. Lakini goti langu halikunishinda mlimani. Lilinishinda kwenye stejini na kwenye mtaro wa nyumbani. Mlima ningeweza kuuacha. Matatu na maji, siwezi.

Kuna utafiti mwingine, wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022 ukiwa na watu 316. Hao jeraha lao halikuwa bichi tena, na goti bado lilikuwa linayumba. Waliopangiwa upasuaji walikuwa na hali bora baada ya miezi 18. Ukisoma haraka utadhani unapingana na ule wa Uswidi. Haupingani. Mmoja unauliza kuhusu goti lililoumia juzi, mwingine kuhusu goti ambalo limekwisha kungoja na bado halijatulia. Mimi nilianza katika wa kwanza nikaishia katika wa pili.

Sitarudishiwa goti la zamani. Daktari atachukua kano kutoka nyuma ya paja langu, aipitishe kwenye matundu ya mfupa, kisha mwili uchukue miezi mingi kuifanya yake. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, hadi mwezi wa tisa, kila mwezi unaochelewa kurudi mchezoni unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo miezi tisa bila Longonot, angalau.

Jambo la mfukoni: ukiomba bei hospitalini, uliza kama skrubu na fiziotherapia zimo ndani, na SHA italipa sehemu gani. Bei mbili nilizopewa zilitofautiana sana, na moja ilikuwa ndogo kwa sababu vitu hivyo viwili havikuwemo.

Mama nilimsomea ile faili, mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo namba tatu uliandika lini?" Nikamwambia, kabla ya kuanza. Akasema basi atakuja wiki mbili kunipikia.

Nikitoka nitawaandikia, hata kama ni kwa kidole kimoja kitandani. Tuko pamoja.